Soko asubuhi, mechi alasiri: maswali ya wageni wanaokuja Kisumu

Nimezaliwa Kondele, mtaa wa Kisumu. Mama aliuza omena, yaani dagaa, katika soko la Kibuye kwa miaka mingi, na kaka zangu walinibeba mabegani kwenda uwanjani kabla sijajua kuotea ni nini. Binamu zangu wa Musoma walipoanza kuja na marafiki zao, kisha marafiki wakaleta wengine kutoka Mwanza, Jinja hadi Goma, maswali yakawa yale yale kila mara. Nimeyakusanya hapa ili mgeni afike akiwa tayari, na mwenyeji wake apumzike kidogo.

## Mambo ya kwanza

Timu kubwa za Kenya ziko Nairobi. Kwa nini nije kutazama mpira Kisumu?

Gor Mahia na AFC Leopards zina makao Nairobi, ni kweli, lakini mizizi yao iko huku. Gor ilianzishwa mwaka 1968 ikapewa jina la mganga mashuhuri wa Waluo. Leopards ilianza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya United, timu ya Waluhya wa magharibi. Zikija kucheza Kisumu au Kakamega huwa zimerudi nyumbani, na utaliona hilo kabla hata mpira haujaanza: akina mama wa sokoni wamejifunga leso za kijani, wazee wamekuja na redio zao, na vijana wametembea kwa miguu kutoka mitaa ya Nyalenda na Manyatta.

Kaa karibu na mzee yeyote aliyevaa kijani umwulize habari za 1987. Mwaka huo Gor ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa kuitoa Espérance ya Tunisia, sare ya 2-2 kule Tunis na 1-1 Nairobi, ikashinda kwa magoli ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuleta nyumbani kombe la bara. Mzee atakusimulia kana kwamba ilikuwa Jumapili iliyopita. Msikilize hadi mwisho, hata kama mechi imeshaanza.

Ukanda huu una timu zake pia. Kakamega Homeboyz wako uwanja wa Bukhungu, Kakamega, na Shabana wako Kisii. Halafu kuna zile tulizokua tukiziita timu za miwa: Chemelil, Muhoroni, Mumias, Nzoia, na SoNy ya Awendo iliyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 2006. Viwanda vya sukari ndivyo vilivyozilea, na viwanda vilipoyumba, timu nyingi ziliyumba navyo. Ukimwona mtu wa Chemelil amenyamaza watu wanapozungumza ligi, mpe nafasi.

Nije siku gani ili nipate soko na mechi pamoja?

Jumapili. Kibuye hufunguliwa kila siku, lakini Jumapili ndiyo siku yake kubwa, wafanyabiashara wanapoingia kutoka Vihiga, Siaya, Nandi na pande zote za ziwa. Mechi za ligi nazo nyingi huchezwa Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa tisa au saa kumi alasiri.

Ratiba ninayowapa wageni wangu ni hii: sokoni saa mbili asubuhi kabla jua halijakolea, kurudisha mizigo nyumbani au kwenye gesti, kula, halafu uwanjani saa nane. Usijaribu kuingia uwanjani na sufuria tatu na robota la shuka. Nimeyaona hayo, na askari wa langoni hakuwa na huruma.

Nitajuaje kama mechi ipo kweli?

Ratiba ya ligi yetu hubadilika, tena wakati mwingine siku mbili kabla. Angalia kurasa za klabu zenyewe Ijumaa jioni, kisha waulize watu wa boda boda asubuhi ya mechi. Wanajua kwa sababu wao ndio wanaobeba mashabiki. Msimu huanza kati ya Agosti na Septemba na kumalizika Mei au Juni, kwa hiyo ukija Julai usitarajie ligi. Mechi ikiahirishwa ukiwa umeshafika, tazama jibu la hilo kule mwishoni.

Uwanja uko wapi?

Swali lenyewe ndilo mtego, kwa sababu viwanja ni viwili. Moi Stadium uko mjini, ni mdogo na wa zamani, na shabiki anakaa karibu na mchezaji kiasi cha kumsikia akilalamika. Jomo Kenyatta uko Mamboleo, ulifunguliwa kwa sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2021, na ni mkubwa zaidi kwa mbali. Ukimwambia dereva "nipeleke uwanjani" bila kutaja upi, unaweza kujikuta upande mwingine wa mji dakika kumi kabla ya mechi kuanza.

Kwenda Mamboleo kutoka Kibuye ni barabara moja tu, ile ya kwenda Kakamega, unapita Kondele. Ukiendelea na barabara hiyo hiyo kwa kilomita hamsini hivi unafika Kakamega, ambako uwanja ni Bukhungu.

Nikitoka Mwanza au Kampala nifikeje?

Kutoka Mwanza unavuka Sirari na Isebania, unapita Migori hadi Kisii. Hapo kuwa makini: mabasi mengi ya Nairobi hukata Kisii kuelekea Narok, hayaingii Kisumu kabisa. Uliza kabla ya kukata tiketi. Kama basi lako ni la Narok, shuka Kisii upande matatu ya Kisumu. Kutoka Kampala, chagua basi linalopita Busia, kwa sababu la Malaba mara nyingi huelekea Eldoret.

Mjini kuna tuktuk, boda boda na matatu. Ukibeba mizigo ya soko, panda tuktuk. Patana bei kabla hujakaa.

## Sokoni

Kibuye ni soko la namna gani?

Ni soko la wazi, na ni kubwa kuliko unavyodhani ukiwa barabarani. Upande mmoja utapata mitumba imetandikwa chini kwenye maturubai, upande mwingine mafundi wa jua kali wanagonga masanduku ya bati, majiko na karai. Kuna vitanda na makabati, vyungu, vikapu, mbegu, kuku wamefungwa miguu, nyanya zilizopangwa mafungu, na harufu ya omena itakayokuongoza bila kuuliza njia.

Usiingie ukitafuta kitu kimoja haraka. Zunguka mara ya kwanza mikono mitupu, sikiliza bei watu wengine wanazotajiwa, halafu ndipo urudi kununua. Mama alikuwa akisema mteja wa mzunguko wa kwanza hulipa karo ya shule.

Mbona maneno mengine siyaelewi ilhali ni Kiswahili?

Kwa sababu ziwa ni moja lakini majina yake si mamoja. Dagaa wa Mwanza huku ni omena. Sato ni ngege, na wengi husema tu tilapia. Sangara ni mbuta. Mlenda ni mrenda au apoth, mnavu ni managu au osuga, daladala ni matatu. Ukiuliza "hoteli iko wapi" utaoneshwa mahali pa kula ugali. Pa kulala uliza gesti au lojingi.

Fedha zina majina ya mtaani pia. Mbao ni shilingi 20, finje ni 50, soo ni 100, thao ni 1,000. Ukisikia "soo mbili" ni 200, usianze kuhesabu elfu. Na kwa Mtanzania, kumbuka kwamba 100 ya Kenya inakaribia 2,000 ya kwako, kwa hiyo bei ndogo kwa sauti inaweza kuwa kubwa mfukoni.

Kuna jingine linalowaumiza wageni bila sababu. Mkenya atamwambia muuzaji "nipe nyanya za hamsini", basi. Kwa sikio la Mtanga au Mzanzibari hiyo ni amri, lakini huku si ukali, ni mazoea tu. Wewe endelea na "naomba" yako. Watakuuliza umetoka wapi, na mazungumzo yataanzia hapo.

Nisalimieje?

"Habari ya asubuhi" inatosha kila mahali. Shikamoo haitumiki sana huku, ingawa wazee wanaifahamu na wataipokea kwa furaha. Mwanamke mwenye umri wa mama yako mwite mama, mwanamume mtu mzima mwite mzee, na kijana wa boda mwite kaka au bosi. Utasikia wanaume wakiitana "omera", ni ndugu au rafiki kwa Kiluo. Asante kwa Kiluo ni "erokamano". Kakamega na Vihiga salamu ni "mulembe", yaani amani, na hujibiwa kwa neno lilo hilo.

Salamu itangulie bei, nakuomba sana. Mgeni anayeinua kitu na kuuliza "ngapi?" bila kumtazama mwenye kitu hutajiwa bei ya mgeni, na mimi siwezi kumlaumu muuzaji.

Ni lazima nipatane bei? Nisije nikaonekana mchoyo.

Inategemea unanunua nini. Mitumba, viatu, samani na vyombo, patana: "bei ya mwisho ngapi?", "nipunguzie kidogo", na utaambiwa "bei ni ya kuongea, mama". Nguo safi zilizochambuliwa mwanzo robota linapofunguliwa zinaitwa kamera, na bei yake ni ngumu kushuka. Zile za mwisho zinazorundikwa chini zikiuzwa kwa bei moja ni fagia, hapo hakuna cha kupatana, ni kuchambua tu.

Kwa mboga, nyanya na omena, usipatane. Faida ya fungu la nyanya ni shilingi chache, na mama huyo aliamka saa tisa usiku kwenda kuzipokea. Omba nyongeza badala yake. "Niongeze, mama," nawe utatupiwa nyanya mbili juu ya fungu au kiganja cha omena juu ya kipimo. Hivyo ndivyo heshima inavyolindwa pande zote mbili. Nimeona wageni wenye simu za bei kubwa wakigombania shilingi kumi na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na bado inaniuma.

Ukiwa mteja wa kwanza asubuhi, jua kwamba unamfungulia siku. Atakupa bei nzuri, lakini ukishapatana naye hadi mkakubaliana, nunua. Kuondoka hapo ni kumwachia mkosi, kwa imani ya wengi.

Gorogoro ni nini?

Ni mkebe wa kupimia nafaka na omena, wa kilo mbili hivi. Mahindi, maharagwe, njugu, vyote hupimwa kwa gorogoro. Angalia mambo mawili: kitako cha mkebe kisiwe kimegongwa kuingia ndani, na kipimo kijazwe kilima, kisisawazishwe kwa kiganja. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukiangalia. Mama alikuwa akiugeuza mkebe wake mbele ya mteja mgeni bila kuombwa.

Nitalipaje? Wanapokea simu?

Karibu kila kibanda kinapokea M-Pesa, hata anayeuza mahindi ya kuchoma. Kama una laini ya Kenya, soma jina linalotokea ulinganishe na la muuzaji kabla hujaondoka. Kama huna, beba taslimu, na ziwe noti ndogo: za 50, 100 na 200. Kumpa mama mboga noti ya 1,000 saa mbili asubuhi ni kumtuma azunguke soko zima kutafuta chenji.

Nina noti ya Kenya niliyoiweka tangu safari ya zamani. Inafaa?

Kama ni ya 1,000 na ni ya toleo la zamani lenye picha ya Rais, haifai tena. Kenya ilitoa noti mpya mwaka 2019, na zile za 1,000 za zamani zilikoma kutumika baada ya tarehe 30 Septemba mwaka huo. Kila mwaka napata mgeni anayekuja nayo imekunjwa vizuri ndani ya pasipoti. Iweke kama kumbukumbu, na usijaribu kumpa muuzaji gizani, maana hasara itakuwa yake.

Nibebe mfuko gani?

Wa kitambaa, au kikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake si mchezo, inafika hadi shilingi milioni 4 au kifungo. Mtanzania analijua jambo hili kwa sababu kwao marufuku ilianza mwaka 2019, lakini wanaotoka kwingine husahau, wakafunga viatu kwenye rambo wakavuka nayo mpaka. Itoe begini kabla hujavuka.

Naruhusiwa kupiga picha?

Omba kwanza, kila mara. Nunua kitu kidogo, zungumza, halafu uombe. Wengine watakataa, hasa upande wa mitumba na mafundi, na hawana deni la kukueleza sababu. Usipige picha za watoto wa sokoni wakiwa wamelala chini ya meza. Mimi nimelala chini ya meza hizo, na nisingependa mtu aende nayo kwao.

## Uwanjani

Tiketi ni bei gani na nanunua wapi?

Kwa mechi za kawaida za ligi, bei iliyozoeleka ni shilingi 200 kwa majukwaa ya wazi na 500 kwa jukwaa kuu lenye kivuli. Mechi kubwa hupanda. Siku hizi klabu nyingi huuza tiketi kwa simu, na maelekezo hutolewa kwenye kurasa zao siku chache kabla. Nunua hivyo kama unaweza, kwa sababu foleni ya langoni saa tisa kasoro robo ni mahali pazuri pa kuibiwa simu. Usinunue kwa kijana anayezunguka nje akisema zimekwisha ndani.

Kama mfuko unaruhusu, mara ya kwanza kaa jukwaa kuu ujifunze mambo yanavyokwenda. Mara ya pili nenda kwenye jua, kwa waimbaji.

Nivae rangi gani?

Kijani na nyeupe ni Gor. Bluu na nyeupe ni Leopards, au Ingwe kama wanavyojiita, yaani chui. Kama huna timu, vaa nyeusi, nyekundu au kahawia ukae kwa amani.

Jezi ya Simba au Yanga? Vaa, hakuna atakayekugusa, lakini jiandae kwa maneno. Mwaka 2018 Gor iliifunga Simba 2-0 kwenye fainali ya SportPesa Super Cup iliyochezwa uwanja wa Afraha, Nakuru, na mmoja wa wafungaji alikuwa Meddie Kagere, ambaye muda mfupi baadaye alihamia Simba hiyo hiyo. Kila shabiki wa kijani atakukumbusha matokeo, na kila shabiki wa Simba hujibu kwa kutaja magoli ya Kagere huko Dar. Ubishi huo una utamu wake, uingie.

Kwa nini mechi ya Gor na Leopards inaitwa ya mashemeji?

Kwa sababu Waluo na Waluhya ni majirani waliooana vizazi kwa vizazi. Ukichukua familia kumi za Kisumu au Vihiga, nyingi zina mkwe wa upande wa pili. Mume amevaa kijani, kaka wa mke amevaa bluu, na jioni wanakula meza moja. Ni neno ninalolipenda kuliko yote katika mpira wetu, kwa kuwa linamwekea mpinzani nafasi ndani ya nyumba. Kama ratiba ikikupa bahati ya kuiona mechi hiyo popote, ghairi mambo mengine.

Sielewi Kiluo. Nitafurahia nyimbo kweli?

Utafurahia. Nyimbo nyingi ni fupi, anaimba mmoja wanaitika wengi, na ukisikiliza mara tatu utakuwa unaitika bila kujua maana. Muulize jirani maana yake. Nyingine zinamsifu mchezaji, nyingine zinawakumbuka mashabiki waliofariki, na hizo za mwisho utazitambua kwa sababu kelele hushuka na watu huvua kofia. Nawe vua.

Ni salama kwa mwanamke, au kwa familia yenye watoto?

Nimeenda tangu nikiwa mtoto wa kike wa miaka mitano, na bado naenda. Kwa mechi za kawaida, ndiyo. Kaa jukwaa kuu, fika mapema, ondoka dakika tano kabla ya mwisho kama una mtoto mdogo. Kwa mechi zenye uhasama, au ubingwa ukiwa unaamuliwa siku hiyo, mwache mtoto nyumbani.

Kama una binti anayecheza mpira, mpeleke akaone timu za wanawake za huku. Vihiga Queens ndio waliowakilisha Afrika Mashariki na Kati katika Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika ilipochezwa kwa mara ya kwanza, mwaka 2021 huko Misri. Walitoka Vihiga, kaunti ya vilima na chai. Mechi zao hazina msongamano, na watoto wa kike hukaa mstari wa mbele kabisa.

Vurugu zikitokea nifanye nini?

Hutokea, ingawa si mara nyingi. Dalili ya kwanza ni watu kusimama wakitazama jukwaa na si uwanja. Ukiiona, usingoje kujua sababu. Sogea kuelekea lango ulilolichunguza ulipoingia, tembea, usikimbie. Ukisikia mlio wa vitoa machozi, funika pua kwa kitambaa chenye maji na uende upande upepo unakotoka. Usitoe simu kurekodi. Na usisimame kuwaombea msamaha wala kuwatetea watu usiowajua.

Nitakula nini huko?

Nje ya lango kuna njugu, miwa iliyokatwa vipande, mayai ya kuchemsha na kachumbari, mahindi ya kuchoma, na smoki, yaani soseji. Vinatosha kwa dakika tisini. Lakini chakula chenyewe kiliwe kabla au baada: ngege mzima wa kukaanga au wa mchuzi, ugali, na osuga iliyolala na maziwa. Samaki huliwa kwa mkono, kwa pamoja, na kichwa hakiachwi. Kama fedha ni kidogo uliza mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu kuchukuliwa na viwanda. Hukaangwa hadi inalia mdomoni, na imesomesha watoto wengi wa mji huu kwa maana ya kulisha nyumba na kwa maana ya kuuzwa.

## Yasiyo ya kawaida

Mechi imeahirishwa na mimi nimeshafika. Nifanye nini?

Uliza mpira wa mtaani. Jumapili jioni karibu kila kiwanja cha shule kina mechi, na hakuna tiketi. Unasimama kwenye mstari, na mpira ukitoka unaurudisha. Desemba ndiyo raha zaidi, watu wanaporudi vijijini kutoka mijini na kila kata inakuwa na kombe lake. Zawadi mara nyingi ni mbuzi au fahali, anayefungwa pembeni mwa uwanja ili kila mchezaji amwone. Sijaona mashindano yanayochezwa kwa moyo kama hayo. Ukimwuliza mwenyeji wako kwa heshima atakupeleka, na utakaribishwa kula baadaye. Usikatae.

Mvua ikinyesha?

Itanyesha. Ziwa lina kawaida ya kutupa radi alasiri, hasa Machi hadi Mei, na asubuhi ya jua kali si dhamana. Beba koti jepesi la mvua, kwa sababu mwavuli utamziba aliye nyuma yako. Kakamega mvua ni nyingi zaidi, na Nakuru iko juu sana, kwa hiyo ukienda Afraha beba sweta ya jioni. Hapa Kisumu shida ni jua, kofia na maji ni lazima.

Kuhusu malaria na maji ya ziwa?

Ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima. Lala ndani ya chandarua, jipake dawa ya mbu jioni, na kama unatoka nyanda za baridi muone daktari kabla ya safari. Ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi kwenu, mwambie daktari umetoka Kisumu. Usiingie ziwani kuoga wala kutembea kwenye maji ya ufukweni, kuna kichocho.

Simu yangu inaonesha saa tofauti na ya mwenyeji wangu. Ipi ni sahihi?

Kama unatoka Tanzania au Uganda, saa ni moja. Kama unatoka Goma, Bukavu, Kigali au Bujumbura, Kenya iko mbele kwa saa moja. Rafiki yetu wa Goma alifika Mamboleo wakati wa mapumziko akidhani amewahi. Badilisha saa ukivuka mpaka, na ukitajiwa saa hakikisha ni ya Kiswahili au ya Kiingereza, kwa sababu huku watu huchanganya katika sentensi moja.

Nataka kupeleka samaki nyumbani. Ninunue vipi?

Kwanza uliza ametoka wapi. Samaki wengine wanaouzwa mjini ni wa mabwawa, na wengine huja wakiwa barafu kutoka Uchina. Wote huliwa, lakini usilipe bei ya ziwa kwa asiye wa ziwa. Aliye mbichi ana macho yaliyojaa na yanayong'aa, mashavu mekundu ndani, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Nenda ufukwe wa Dunga asubuhi boti zinapofika, utawaona wakitolewa.

Kwa safari ndefu nunua waliokaushwa. Omena wazuri wana rangi ya fedha, hawana mchanga ukiwasugua kiganjani, na wakivunjwa hutoa mlio. Obambla, yaani ngege aliyepasuliwa akaanikwa juani, hudumu safari nzima. Mfunge kwenye karatasi kisha kitambaa, mweke mbali na nguo zako, na mpakani mtaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Ukifika nyumbani mloweke usiku kucha, umpike polepole kwa maziwa, na ugali uwe tayari kabla hujafunua sufuria.